Mara Mbili kwa Gigahezi Tano

Kompyuta ilizima kwa mara ya kumi na moja, na Subilaga akaitukana kwa Kinyakyusa, maana matusi ya Kiswahili aliyamaliza ilipozima mara ya nane. Akasubiri feni zitulie. Kisha akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio ya ndani, akapandisha volti kwa kiasi kidogo kabisa ambacho mashine ilimruhusu, na kuiandika namba hiyo ukutani kwa kalamu ya risasi.

Ukuta wa chumba kile cha nyuma ya ghala la viazi ulishajaa namba. Juu kabisa kulikuwa na gigahezi mbili, mwendo halali wa nchi nzima. Chini yake tatu, tatu na nusu, nne, kila moja na volti zake na nyuzijoto zake. Mbele ya nne alikuwa ameweka alama ya vema, kubwa, ya mtu aliyeridhika. Kuanzia hapo kushuka chini ilikuwa misalaba mitupu.

Tumpe, mwenyekiti wa kitongoji cha Isyeto, alikuwa amekaa juu ya gunia akimenya miwa kwa kisu. Hakujua lolote kuhusu kompyuta, lakini misalaba aliweza kuihesabu.

"Fundi, si ulisema nne inakaa?"

"Inakaa."

"Sasa tano ya nini? Ngoma ikilia sana hupasuka, dada."

Subilaga alikuwa ameinama juu ya prosesa akipapasa mabomba ya maji kwa kidole. Maji yalitoka kwenye chemchemi ya juu ya ghala, yakiwa baridi ya kung'oa meno, yakapita kwenye rejeta ya lori bovu na kuzunguka juu ya prosesa kabla ya kumwagika shambani. Mabomba yalikuwa yanatoka jasho. Tone moja tu likidondoka mahali pasipofaa, kazi yote ingekwisha kwa mlio mmoja. Akayavika sponji la godoro kuukuu na kulifunga kwa mpira wa baiskeli.

"Nne inatosha kuhesabu mara moja," akasema. "Mimi nataka mara mbili."

Karatasi iliyowaleta humo ilikuwa imebandikwa mlangoni. Mamlaka ya Mwendo ilikuwa imekokotoa kwamba mvua za masika zingeuporomosha mlima wa Isyeto, na kwa hiyo nyumba zote mia moja na sita zihame. Wakazi wasioridhika walipewa vipimo vyote vya udongo na mvua Jumapili saa tatu asubuhi, pamoja na saa sabini na mbili za kuleta hesabu pinzani mbele ya baraza. Kompyuta yenye mwendo halali huimaliza hesabu ya namna hiyo kwa saa themanini. Aliyetunga sheria ile alijua kujumlisha.

Ilikuwa hivyo nchi nzima, mwaka wa kumi na tisa sasa. Prosesa zote ziliuzwa zikiwa na kufuli, lakiri ya fedha juu yake, gigahezi mbili na usizidishe. Mwenye haja ya mwendo zaidi alikwenda kuukodi kwa Mamlaka, kwenye mabanda yao ya mashine kule chini, nao wakaamua wamhudumie nani kwanza. Walisema ni kwa ajili ya kulinda umeme. Labda mwanzoni ilikuwa kweli. Lakini mabanda yale yalikuwa yakifa kwa joto, na mwaka huu wapimaji wao walionekana Isyeto wakitia vidole kwenye chemchemi na kutabasamu. Baridi ambayo tangu zamani iliwapa watu wa kule mafua tu ilikuwa imegeuka mali.

Lakiri ya Subilaga ilikuwa sakafuni, imekunjika kama ganda la peremende. Aliibandua saa tatu na dakika tano, kabla hata ya kunywa chai.

"Nieleze mara mbili ni ya nini," Tumpe akasema. "Nieleze kama mtu."

"Mashine ukiichapua inashindwa kwa namna mbili. Kuna kushindwa kwa heshima. Inazima, unaiona, unaitukana, mnaanza upya. Na kuna kushindwa kwa hila. Inaendelea kama kawaida, haizimi, hailalamiki, halafu inakupa jibu lenye kosa moja humo ndani kati ya mabilioni. Hutalijua."

"Kama mtoto aliyekula sukari kwa siri."

"Ndiyo. Na mtoto aliyekula sukari unamfanyaje?"

"Unamuuliza tena baadaye, akiwa amesahau alichosema mwanzo."

"Haya. Umekuwa fundi."

Tumpe akaacha kumenya. Hesabu yake haikuwa ngumu, naye aliifanya kwa vidole, midomo ikichezacheza. Kwa gigahezi nne, saa arobaini, mara moja tu. Kwa tano, saa thelathini na mbili, na mara mbili ni sitini na nne. "Lakini hiyo tano yenyewe si ndiyo inayoleta hila?"

"Ndiyo maana nimekaa hapa tangu asubuhi!" Subilaga alisema kwa ukali ambao haukumhusu Tumpe hata kidogo. "Mlima huu una watu mia nne na ushee. Jibu likisema utasimama na ni uongo, watafukiwa na udongo wakiwa wamelala, na mimi ndiye niliyewaambia walale. Sitapeleka jibu ambalo sikuliuliza mara mbili. Mamlaka wao wanahesabu mara moja, wanaamini, wanabandika karatasi. Mimi si Mamlaka."

Akarudi kwenye kazi. Prosesa ile ilikuwa na viini nane, na kama ilivyo kwa watoto wa baba mmoja, havikuwa na nguvu sawa. Cha sita ndicho kilichokuwa kikiangusha wenzake. Akakipunguzia mwendo kidogo, saba vingine akaviacha kwenye tano. Volti zilikuwa zikinywea kila mzigo ulipoingia, akaziongezea mahali pa kushikia. Akawasha. Ikasimama dakika moja, dakika kumi. Akaipa mtihani wake, hesabu ngumu ambazo majibu yake yalijulikana, zimebanana, viini vyote vinane vimelemewa bila kupumua kwa saa nzima. Nyuzijoto zikapanda hadi sabini na moja, zikakaa hapo. Hakuna kosa hata moja.

Volti zilikuwa juu kuliko alivyopenda. Aliziandika ukutani, akazitazama, akaamua kutozitazama tena. Saa tisa alasiri akaweka alama ya vema na kuupakia mlima mzima ndani ya mashine.

*

Jibu la kwanza lilikuwa tayari Jumanne asubuhi alipofungua mlango wa ghala, na hesabu ya pili ilishaanza yenyewe nyuma yake. Subilaga alisoma akiwa amesimama, kikombe mkononi. Kisha akakaa chini, akasoma tena.

Mlima ulisimama. Mvua yote ya masika ilinyeshwa ndani ya kompyuta, siku tisini za maji, na hakuna nyumba hata moja iliyosogea.

Angeweza kunyamaza. Lakini furaha ni kama kikohozi, na Tumpe alipoingia alimkuta anacheka peke yake. Ikawa basi. Kufika saa nne uani kwa Subilaga kulikuwa na vigelegele na sufuria ya kande, na baba yake, Mzee Mwaisumo, alikuwa ameshavaa koti lake la harusi na msiba.

"Ndaga fijo, mwanangu," alimshukuru, akimshika mikono yote miwili. Yeye na binti yake waliishi nyumba moja, upande wa chini wa mteremko, nyumba aliyoijenga kwa mawe aliyoyabeba mwenyewe. "Nilijua. Mlima huu nimelala juu yake miaka themanini na mbili. Haujawahi hata kujigeuza."

"Tata, bado. Kuna ya pili."

"Ya pili ya nini, na ya kwanza imeshasema?"

"Ya kwanza inaweza kuwa imekosea."

"Basi na ya pili inaweza kukosea!"

Alikuwa sahihi, na hilo lilimuudhi Subilaga kuliko kama angekuwa amekosea. Alirudi ghalani, akapapasa mabomba, akafuta jasho kwenye sponji. Mashine ilikuwa inanguruma vilevile. Alijikuta anaiombea, jambo ambalo mafundi hawapaswi kufanya, iseme tena yaleyale iliyoyasema.

*

Jumatano saa moja asubuhi hesabu ya pili ikamalizika.

Aliweka majibu mawili sambamba. Programu ilikuwa imegawa kazi katika alama ishirini, na kila ilipofika alama moja ilihifadhi kila kitu, kila chembe ya udongo na kila tone la maji. Alama ya kwanza ilikuwa sawasawa. Ya pili sawasawa. Akashuka nazo kidole kikiwa kwenye kioo, tano, kumi, kumi na tano, hakuna hata tarakimu moja iliyotofautiana. Ya kumi na tisa sawasawa.

Ya ishirini, majibu yakaachana.

Hesabu ya kwanza ilisema mlima wote utasimama. Hesabu ya pili ilisema nyumba saba za upande wa chini zitakwenda.

Subilaga hakuhitaji ramani kuzijua nyumba saba za upande wa chini.

"Sasa ipi ya kweli?" Tumpe aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku zile hakuwa na mua mkononi.

"Sijui."

"Wewe ndiye fundi."

"Ndiyo maana nakwambia sijui!"

Alijua kitu kimoja tu, nacho kilimchoma. Alijua kosa lilipoingilia. Alama kumi na tisa za mwanzo zilikuwa kazi ya mfululizo, mzigo mzito usioshuka, kama mtihani wake ule wa saa nzima. Lakini katika alama ya mwisho udongo huanza kusogea, na programu husimama kidogo kila mara, hulinganisha mteremko na mteremko, kisha huanza tena kwa nguvu zote. Mzigo unashushwa, unapandishwa. Na kila unapopandishwa ghafla, volti huyumba kabla ya kutulia. Mpagazi wa ndizi anaweza kutembea na mkungu kutwa nzima. Mwambie autue apumzike, kisha umbwagie mgongoni bila kumwambia, ndipo goti linakunjika. Yeye aliijaribu mashine kwa kuilemea, kama mafundi wote wanavyojaribu na kujisifu. Hakuijaribu kwa kuipumzisha.

"Rudia hiyo alama moja," Tumpe alisema. "Kwa nne, ile iliyokaa."

Subilaga alishawaza hilo. Kwa nne, alama moja ni saa mbili, wangemaliza saa tatu, baraza likianza. Akashusha mwendo, akawasha. Ikazima. Akawasha tena. Ikazima. Akajaribu tatu na nusu, akajaribu tatu. Volti zile alizokataa kuzitazama zilikuwa zimeila prosesa siku tatu mfululizo, na kilichokuwa kikisimama kwa nne Jumapili hakikuweza tena. Akashusha hadi mbili, mwendo halali wa Mamlaka, mwendo alioudharau maisha yake yote. Ikasimama, imara, na kila jaribio alilolipa, la kuilemea na la kuipumzisha, ikalipita. Kwa mbili, alama moja ni saa nne. Hadi saa tano na robo.

Akaianzisha kutoka alama ya kumi na tisa, akaketi.

Tumpe alifunga mlango kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Suby. Jibu la kwanza watu wameshalipigia vigelegele. Hilo la pili tumeliona mimi na wewe tu."

"Najua."

"Huenda lile la kwanza ndilo la kweli."

"Huenda."

"Ukisimama mbele ya baraza ukasema una majibu mawili, watakucheka, watatuhamisha wote. Mia moja na sita. Ukipeleka la kwanza..."

"Na kama ni la uongo, Tumpe? Nyumba ya nani iko katika hizo saba?"

Tumpe alimtazama, akaelewa, akaona aibu. Subilaga naye aliona aibu, kwa sababu wazo lile alikuwa nalo kabla halijatamkwa, tena akiwa amelikumbatia. Alitaka sana kudanganya. Alitaka baba yake afe kitandani kwake, kwenye mawe yake. Aliikodolea macho mashine ikijikokota kwa gigahezi mbili, na hasira ikampanda.

"Wametufunga kufuli miaka kumi na tisa," akasema, "wametupa saa sabini na mbili kwa kazi ya themanini, na sasa wananitaka nichague kati ya kuwa mwongo na kuwa mjinga. Sichagui. Nataka saa mbili na robo za ziada. Wewe ni mwenyekiti. Nitafutie."

Tumpe akasimama, akajikung'uta maganda ya miwa.

"Kifungu cha kumi na mbili cha sheria yao," akasema polepole. "Kabla hesabu haijapokelewa, kila mwenye nyumba ana haki ya dakika tano."

*

Baraza lilikaa humohumo ghalani, maana hapakuwa na paa jingine la kuwatosha. Msuluhishi alikuwa mzee mwembamba aitwaye Mheshimiwa Chipalo, mwenye mafua tangu alipoteremka kwenye gari. Upande wa Mamlaka alikaa Injinia Mkwaya, kijana wa suti, na mbele yake kifaa chembamba kilichoungana moja kwa moja na mabanda ya kule chini. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Faili lake lilikuwa wazi kwenye ukurasa wa sahihi.

"Hesabu pinzani ipo?" Msuluhishi aliuliza.

"Ipo, Mheshimiwa," Tumpe alisema. "Lakini wenye nyumba kwanza. Kifungu cha kumi na mbili."

Injinia alitabasamu. Huko mjini kifungu kile kilichukua robo saa. Watu walisimama, wakasema hawataki kuhama, wakakaa. Hakuwa amewahi kusikiliza baraza la Isyeto. Kule mwenye nyumba hasemi neno lake kabla ya kusalimia, wala hasalimii kwa jumla kama mtu anayefukuza kuku. Anasalimia safu kwa safu. Kisha anawataja waliomzaa, kisha waliozikwa uani kwake, na wakati anawataja wafu hakuna anayemkatiza, hata kama ni serikali.

Wa kwanza alisalimia kwa dakika nne na nusu. Mama mmoja alitaja wafu kumi na watatu na kumkumbuka wa kumi na nne alipokuwa ameshakaa, ikabidi asimame tena. Mzee mmoja alieleza kisa cha mbuzi aliyeingia ghalani humo mwaka ambao ghala lilikuwa kanisa, na watu walicheka mpaka Msuluhishi naye akacheka ndani ya kitambaa chake. Walikuwa wameambiwa jambo moja tu: Fundi anahitaji muda. Hawakuuliza wa nini. Upendo ule ulimwia Subilaga mzito, maana walikuwa wakimnunulia muda wa jibu ambalo huenda lingewabomolea.

"Mheshimiwa, hii ni kupoteza muda kwa makusudi," Injinia alisema alipoinuka mwenye nyumba wa kumi na sita.

"Dakika tano ni zake," Msuluhishi alijibu. "Na hicho kinachonguruma huko nyuma ni kitu gani?"

"Hesabu pinzani, Mheshimiwa," Subilaga akasema. "Inakuja. Inatembea kwa mwendo wenu."

Wa ishirini na saba alikuwa Mzee Mwaisumo. Alisimama na koti lake, hakufupisha salamu hata moja. Alimtaja baba yake na babu yake. Alimtaja mkewe, mama yake Subilaga, aliyezikwa hatua kumi kutoka mlango wa jikoni.

"Mawe ya nyumba ile nimeyabeba kwa kichwa hiki," akasema. "Mimi nimeambiwa nihame na mtu ambaye hajawahi kukanyaga uani kwangu. Kwa amri, mimi sihami. Mnichukue na kitanda."

Katikati ya makofi Subilaga alisikia feni zinashuka. Akaingia chumba cha nyuma. Jibu la tatu lilikuwa kwenye kioo. Lililingana na la pili, tarakimu kwa tarakimu, hadi mwisho.

Saba.

Jibu la kwanza, lile zuri, lilikuwa bado kwenye faili, na mbele kulikuwa na watu mia tatu waliokuwa tayari kuliamini. Alifikiria kulichukua. Tusimsingizie ushujaa, alifikiria, na mkono ulifika hadi kwenye kibodi. Kisha akayachapa majibu yote matatu, akachukua karatasi zake akatoka nazo.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi naitwa Subilaga Mwaisumo, nyumba ya chini. Nimeuhesabu mlima huu mara mbili kwa gigahezi tano. Nilivunja kufuli Jumapili asubuhi, lakiri iko sakafuni mle, asihangaike mtu kuitafuta. Mara ya kwanza mashine ilidanganya. Hadi alama ya kumi na tisa majibu yalikuwa mamoja, ya ishirini yakaachana. Nimeirudia alama hiyo kwa gigahezi mbili, mwendo halali. Mlima utasimama. Nyumba tisini na tisa zitasimama. Saba zitakwenda."

Kisha Injinia Mkwaya akasimama, na lazima tumpe haki yake, alikuwa amejiandaa.

"Mheshimiwa, hesabu hii ni haramu. Kufuli limevunjwa. Isitoshe, mwenyewe anakiri mashine yake inadanganya!"

"Yangu imedanganya na nimeikamata," Subilaga alisema. "Ya kwenu mmewahi kuiuliza mara mbili?"

Injinia aliinamia kifaa chake.

"Nimekuuliza. Mmewahi? Ramani yenu imegawa mlima huu kwa miraba ya nusu kilomita. Nyumba yangu na nyumba ya mwenyekiti ziko mraba mmoja, na mimi nikitaka kwenda kwake napumzika mara mbili njiani! Mnao mwendo wote wa nchi hii na mnautumia kuhesabu vibaya upesi."

Msuluhishi alipenga kamasi, akafungua kitabu cha sheria, akakifunga.

"Sheria inasema hesabu pinzani itapokelewa ikiwa inaweza kurudiwa," akasema. "Haisemi habari ya kufuli. Kufuli ni kesi nyingine. Injinia, hicho kifaa chako kinaweza kurudia alama ya ishirini kwa vipimo hivi?"

"Itabidi niombe kibali makao..."

"Inachukua muda gani?"

Injinia alishusha sauti. "Dakika nne."

"Nimesikiliza habari za mbuzi saa mbili na robo. Dakika nne nitaziweza."

Zilikuwa dakika nne za kweli. Hakuna aliyekohoa isipokuwa Msuluhishi. Mabanda yote ya kule chini, yenye joto na nguvu zake zote, yalikuwa yanafanya kazi ya Isyeto kwa mara ya kwanza, na bure. Kifaa kikalia. Injinia akakitazama, akakitazama tena, akakigeuza kimya kimya ili Msuluhishi asome mwenyewe.

"Saba," Msuluhishi alisema.

Watu hawakupiga vigelegele. Hawakujua wafurahi kwa ajili ya tisini na tisa au walie kwa ajili ya saba. Injinia alifunga faili lake kwenye ukurasa ule usiotiwa sahihi, akasema kwa sauti ya kujikaza kwamba mashine ingechukuliwa leo, na fundi naye angekwenda nao mjini kujibu.

"Nitajibu," Subilaga alisema. "Mheshimiwa aandike kwanza."

Akamgeukia baba yake. Mzee Mwaisumo alikuwa bado amesimama, dakika zake tano hazikuwa zimekwisha.

"Yetu imo, mwanangu?"

"Imo, Tata. Ni ya nne."

Mzee alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Alimtazama Injinia, akamtazama Msuluhishi, kisha akavua kofia, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele yao tangu asubuhi.

"Andika saba, Mheshimiwa," akasema. "Nimesema sihami kwa amri, na bado nasema. Huyu hakuniamrisha. Alikuwa na karatasi ya kunifurahisha mkononi, akanisomea nyingine." Sauti ikamkatika, akasubiri mpaka irudi. "Nahama. Lakini mama yako, Subilaga, nani atakwenda kumwambia?"

"Nitamwambia mimi, Tata," Subilaga alisema, akilia waziwazi mbele ya baraza zima na bila kujifuta. "Hawa watanisubiri."

Akatoka, akaanza kuteremka kuelekea nyumba ya chini. Injinia Mkwaya aliinuka ili amfuate, akakuta mlango umejaa watu, safu kwa safu, na wa mbele kabisa alikuwa ameshaanza kumsalimia.